Mmaasai anapobatizwa: Kipi huachwa, kipi hubaki?

MZEE mwenye wake watatu anapofika kanisani katika Kaunti ya Kajiado na kuomba abatizwe, linalomkuna kichwa mchungaji si kama mzee huyo anamwamini Mungu. Hilo halina shaka, kwani Mmaasai huamka na kulala akimtaja Enkai. Linalomkuna kichwa ni wale wake watatu. Je, abatizwe pamoja nao? Amchague mmoja na kuwaacha wawili? Ama asubiri nje ya mlango hadi kifo kimpunguzie idadi?

Jibu atakalopewa litategemea mlango aliobisha. Kanisa hili litamwambia hivi, lile litamwambia vile, na yote mawili yatakuwa yamefungua Biblia ile ile.

Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wahubiri nao hujibu kuwa anayemfuata Kristo hawezi kuibeba mizigo yote ya jana. Pande hizi mbili zimekuwa zikivutana Umaasaini kwa zaidi ya miaka 100, na kila kizazi kimedhani kwamba ugomvi huo ndio kwanza umeanza.

Hata hivyo, historia ya kipindi hicho chote inaonyesha kwamba swali limekuwa likiulizwa visivyo. Huulizwa kana kwamba mila ni shuka moja, ama ivaliwe yote au ivuliwe yote. Ukweli ni kwamba mila huchambuliwa moja moja. Ipo iliyoingia kanisani bila kelele, ipo iliyokatazwa ikaendelea gizani, na ipo iliyokufa kwa sababu zisizohusiana na injili hata kidogo. Tena kwa kila mila inayoachwa yupo anayelipa gharama, na mara nyingi huyo si yule anayebatizwa.

Enkai hakuhitaji kuachwa

Anayedhani kwamba jambo gumu kwa Mmaasai lilikuwa kubadilisha Mungu anakosea. Kwa jamii ya Maa Mungu ni mmoja, naye ni Enkai, jina ambalo pia hutumika kuitaja mvua na mbingu. Wazee humzungumzia Enkai Narok, yaani Mungu mweusi kama wingu la mvua, mwenye neema, na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu mwenye ghadhabu na ukame. Wengi wao hufafanua kwamba hao si miungu wawili bali ni sura mbili za Mungu yule yule.

Watafsiri wa Biblia hawakutafuta jina jingine. Agano Jipya lilipotoka kwa lugha ya Kimaasai mwaka 1923, na Biblia nzima mwaka 1991, Mungu aliitwa kwa jina alilozoeleka nalo nyumbani. Kwa hivyo mama aliyekuwa akinyunyiza maziwa alfajiri huku akiomba heri ya watoto na ng'ombe hakuambiwa kwamba aliyemwomba miaka yote hayupo. Aliambiwa kwamba sasa anajulishwa habari zake zaidi.

Ziko ishara nyingine zilizopata kibali kwa urahisi. Majani mabichi, ambayo kwa Wamaasai ni alama ya amani na heri kwa kuwa ndiyo uhai wa ng'ombe, yaliingia katika ibada za baadhi ya makanisa. Shanga zilipamba misalaba na mavazi ya makasisi. Nyimbo za kuitikiana, ambapo mmoja huongoza na kundi likajibu kwa sauti nzito, zilipewa maneno mapya na kuendelea kuimbwa.

Lililokataliwa karibu na makanisa yote ni jambo moja: kumwendea oloiboni, yule mtabiri na mganga ambaye kwa vizazi vingi ndiye aliyebariki safari za morani na kutoa dawa za kinga. Cheo hicho kilikuwa kikubwa mno. Olonana, aliyefariki mwaka 1911 na ambaye jina lake limebaki Nairobi katika umbo la Lenana, alikuwa oloiboni, na Waingereza walimchukua kama msemaji wa Wamaasai katika mikataba ya ardhi. Kwa wahubiri, mtu hawezi kuwa na Kristo mkono mmoja na hirizi mkono mwingine. Mafundisho hayo hayajabadilika, ingawa wapo waumini wanaoendelea kuonekana njia ya kwa mganga jua likishazama, hasa mtoto anapougua au mifugo inapokwisha.

Safari iliyoanza kwa shida

Ukristo haukuwaingia Wamaasai haraka kama ulivyoenea kwa majirani zao. Misheni ya Africa Inland, ambayo ndiyo chimbuko la kanisa la AIC, ilifika nchini mwaka 1895 na kujenga makao Kijabe mwaka 1903. Mwaka huo huo aliwasili Mmarekani John Stauffacher, aliyejitolea kufanya kazi miongoni mwa Wamaasai. Alianza na watu waliokuwa wakihamahama, na muda si mrefu wakahamishwa kwa nguvu. Mkataba wa 1904 uliwagawanya Wamaasai katika hifadhi mbili, ya Laikipia na ya kusini. Ule wa 1911 ukawaondoa Laikipia, na kufikia 1913 wote walikuwa wamesukumwa kusini. Misheni nayo ikafuata, ikatua Siyabei karibu na Narok.

Katika mazingira kama hayo, kumwambia mtu aache mila zake kulikuwa na maana nzito kuliko wahubiri walivyofahamu. Jamii ilikuwa imekwisha kupoteza ardhi. Kilichobaki mkononi kilikuwa ng'ombe, rika na desturi. Kijana wa Kimaasai hakuwa mtu wa kujiamulia pekee. Alikuwa wa rika lake, aliyetahiriwa nao, akala nao nyama na kuapa nao. Kubatizwa peke yake kulikuwa sawa na kulihama rika.

Aliyeyaonja hayo yote ni Molonket ole Sempele, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Kimaasai. Mwaka 1909 aliuza mifugo ili apate nauli, akasafiri hadi Marekani kusoma katika shule ya Biblia jimboni Virginia, akarejea mwaka 1912. Katika jamii ambayo mwanamume hupimwa kwa zizi lake, kuuza ng'ombe ili kununua masomo ya dini kulikuwa kuacha jambo kubwa kweli kweli.

Lakini ole Sempele huyo huyo alikuja kutengana na wamishonari. Mnamo 1929 na 1930 misheni kadhaa nchini, ikiwemo Africa Inland, ziliwataka waumini wao waukane hadharani ukeketaji wa wasichana. Mzozo huo unakumbukwa zaidi kwa jinsi ulivyoyatikisa makanisa ya Wakikuyu na kuzaa makanisa na shule huru. Wengi hawajui kwamba ulifika hadi Siyabei, ambako waumini wengi wa Kimaasai walitoka, ole Sempele akiwa miongoni mwao. Hawakurudi kwenye hirizi. Waliendelea kusali, ila nje ya mamlaka ya wazungu.

Kisa hicho kilionyesha jambo ambalo wamishonari hawakulitarajia: kwamba Mmaasai angeweza kukataa amri ya misheni bila kuikataa imani. Tangu wakati huo swali la nini kiachwe halikuwa tena la mgeni kuamua na mwenyeji kutii. Kwa bahati mbaya kisa hicho pia kiliifunga mila ya ukeketaji na heshima ya jamii katika fundo moja, na fundo hilo lilichukua miaka mingi kufunguliwa.

Kanisa Katoliki lilijipanga baadaye. Eneo la Ngong, linalojumuisha Kajiado na Narok, lilipewa uongozi wake mwaka 1959 na kuwa jimbo kamili mwaka 1976, chini ya wamishonari wa Mill Hill. Mmoja wao, Padri Frans Mol, alitumia miaka mingi kukusanya maneno na desturi za Kimaasai hadi akachapisha kamusi. Kazi ya namna hiyo ilikuwa dalili kwamba mtazamo ulikuwa umeanza kugeuka. Badala ya mhubiri kufika na orodha ya mambo ya kukataza, alifika na daftari la kujifunza.

Jibu la wazee wa Loliondo

Funzo kubwa zaidi kuhusu jambo hili lilitoka ng'ambo ya mpaka, kwa Wamaasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1960 Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, alikuta misheni yenye shule, hospitali na uhusiano mwema na watu, ila haina Mmaasai mtu mzima aliyekuwa Mkristo wa kweli. Akaomba ruhusa ya kuyaacha majengo na kwenda bomani, kuzungumza na wazee, wanawake na vijana kuhusu Mungu tu, pasipo ahadi ya shule wala dawa.

Baada ya mafunzo ya takriban mwaka mzima katika jamii moja, Donovan alianza kuchagua: huyu abatizwe, yule hakuhudhuria vya kutosha, huyu hakuelewa vizuri. Mzee wa boma akamzuia. Alimweleza kwamba wavivu walisaidiwa na wenye bidii, na wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi, kwa hiyo jamii nzima ilikuwa imeamini kwa pamoja. Padri akakubali, na wote wakabatizwa.

Kitabu alichokiandika baadaye, kilichotolewa mwaka 1978, kimesomwa sana katika vyuo vya dini duniani. Hoja yake ni kwamba anayeleta injili hana budi kuiacha mikononi mwa jamii, nayo jamii ndiyo itakayoamua itavaa vazi gani. Wapo waliomkosoa kwa kuona kwamba alitarajia mambo makubwa kwa muda mfupi, na kwamba jamii zilizobatizwa hazikupata walezi wa kuziendeleza. Hata hivyo, mzee yule alikuwa amegusa kiini cha tatizo la Kajiado pia. Mmaasai akibatizwa peke yake hung'olewa katika rika na boma lake. Wakibatizwa pamoja, wanaweza kukaa na kuijadili mila yao kama wenyewe.

Jambo jingine lililojitokeza Tanzania, na ambalo yeyote anayeingia kanisani Jumapili mjini Kajiado huliona, ni kwamba walioitikia zaidi ni wanawake. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005, alieleza jinsi wamishonari walivyowalenga wanaume kwa miongo kadhaa, lakini viti vikajazwa na akina mama. Katika baadhi ya sehemu za Tanzania wanawake walisumbuliwa na maradhi ya roho yaliyoitwa orpeko, na ikaaminika kwamba tiba yake ni ubatizo. Wanaume hawakuweza kumzuia mgonjwa kwenda kwenye dawa. Mle kanisani mwanamke alipata pahali pa kukutana na wenzake, kusimama na kusema, na kuongoza sala, kazi ambayo tangu jadi ilikuwa yake bomani.

Wake wengi, majibu mengi

Turudi kwa mzee wetu na wake zake watatu. Kwa muda mrefu makanisa mengi yalimwambia achague mmoja. Maaskofu wa Kianglikana kutoka pembe zote za dunia walikubaliana London mwaka 1888, katika mkutano wao wa Lambeth, kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Wake zake wangeweza kubatizwa ikibidi, lakini yeye angoje.

Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, mkutano wa Lambeth ulibadilisha msimamo huo, na sauti iliyosikika sana ni ya Mkenya. David Gitari, wakati huo akiwa askofu wa Mlima Kenya Mashariki na baadaye Askofu Mkuu, alikuwa na dayosisi iliyofika hadi kwa wafugaji wa Marsabit. Aliona kwamba kumlazimisha mwanamume kuwafukuza wake zake ili apate ubatizo ni kutenda dhambi kwa jina la kuondoa dhambi. Azimio lililopita liliruhusu mwanamume huyo apokewe pamoja na wake na watoto wake walioamini, mradi asioe tena maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai, na mradi Waanglikana wa mahali hapo waridhie. Lilieleza wazi kwamba asishurutishwe kumwacha mke yeyote kutokana na dhiki ambayo mke huyo angeipata katika jamii.

Kanisa Katoliki halikwenda njia hiyo. Sheria yake ya mwaka 1983 inamtaka anayebatizwa abaki na mke mmoja. Kwa kawaida huyo ni wa kwanza, lakini ikiwa ni vigumu kwake kubaki na huyo, anaruhusiwa kubaki na mmoja wa wale wengine. Sheria hiyo hiyo inamwagiza askofu ahakikishe kwamba wake walioachwa wanatunzwa kwa haki. Oktoba 2023, Sinodi iliyofanyika Vatikani iliwaomba maaskofu wa Afrika walitafakari upya suala la kuwasindikiza watu wa ndoa za wake wengi wanaokuja kwenye imani. Mafundisho kuhusu ndoa ya mume mmoja na mke mmoja yalibaki pale pale.

Miongoni mwa makanisa ya kiinjili na ya kipentekoste, ambayo yamezagaa Kitengela kila mtaa, hakuna kauli moja. Mengine humpokea mzee na wake zake wote lakini humnyima uongozi. Mengine humtaka afunge ndoa ya kanisani na mmoja wao.

Hapo ndipo sheria ya nchi inapoingia. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua kwamba ndoa ya kimila huenda ikawa ya wake wengi, na kwamba ya Kikristo ni ya mke mmoja tu. Mwanamume aliyeoa kimila anaweza kuigeuza ndoa yake iwe ya mke mmoja, ila kwa masharti: awe na mke mmoja tu wakati huo, na wote wawili wakubali kwa hiari. Mwenye watatu hawezi kuwafuta wawili kwa cheti cha arusi ya kanisani. Nayo Sheria ya Urithi, kwa marekebisho ya 1981, ilikataa kumtupa mwanamke aliyeolewa kimila hata kama mumewe alifunga ndoa ya mke mmoja na mwingine. Kwa upande wa mirathi alihesabiwa kuwa mke.

Masharti hayo si ya karatasi tu. Mke wa pili wa Kimaasai alipewa ng'ombe wa kukamua siku alipoingia bomani, akajenga nyumba kwa mikono yake na kuzaa watoto wenye jina la ukoo. Akiambiwa kwamba hakuwa mke, hana pa kurudi. Mahari yake ililiwa zamani na kaka zake waliitumia kuoa. Mzee hupata jina jipya la ubatizo, naye mke wa pili hupoteza jina la kuitwa mke. Imani inayodai kuwatetea wajane na yatima inapaswa kujichunga isije ikawaongeza.

Kisu na daftari

Ikiwa katika suala la wake kanisa lilijifunza kutochukua hatua kwa pupa, katika ukeketaji ndugu wengi wa imani wamelaumiwa kwa kuchukua muda mrefu mno. Baada ya kuungua vidole mwaka 1930, makanisa kadhaa yaliona heri kunyamaza. Wasichana wa Kikristo waliendelea kupelekwa kwenye kisu, kisha wakaolewa kabla ya kumaliza shule.

Takwimu zinaonyesha kwamba jina la dini pekee halitoshi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba mwaka 1998 asilimia 38 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2014 kiwango kilishuka hadi asilimia 21, na mwaka 2022 hadi asilimia 15. Hata hivyo, mwaka huo wa 2014 miongoni mwa Wamaasai kilikuwa asilimia 78, na miongoni mwa Wakisii, ambao wamekuwa Wakristo kwa wingi na kwa muda mrefu, kilikuwa asilimia 84. Kama kubatizwa kungekuwa ndiyo dawa, Kisii ingepona zamani.

Kilichosaidia zaidi ni pale imani ilipotembea na daftari la shule. Shule ya msingi ya wasichana ya AIC mjini Kajiado, chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, ilipata sifa nchini na ng'ambo kwa kuwapokea wasichana waliotoroka ukeketaji na ndoa za mapema. Hapo kanisa halikumwambia msichana aache mila na kisha likamwachia njia. Lilimpa kitanda, chakula na darasa. Kisha likafanya kazi ngumu zaidi ya kumpatanisha na baba yake.

Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Watoto ya 2001 na ile ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji wa mwanamke wa umri wowote. Sheria hiyo ya pili ilipingwa mahakamani kwa hoja kwamba inawanyima wanawake watu wazima uhuru wa kufuata utamaduni wao, lakini Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo Machi 2021. Wanaharakati wamekuwa wakihimiza sherehe mbadala, ambazo humpa msichana mafunzo, baraka za wazee na shangwe bila kisu. Zilizofaulu ni zile ambazo wazee na morani wenyewe walikubali kuzibariki. Ni funzo lile lile la Loliondo: mila haiachwi na mtu mmoja.

Morani na kaburi

Kwa wavulana mambo ni tofauti. Tohara ya wanaume haijapingwa na kanisa, ingawa familia nyingi siku hizi huifanyia hospitalini. Kinachozozaniwa ni umorani wenyewe. Wapo wachungaji wanaouona kama maisha ya zinaa na wizi wa mifugo, na wapo wanaouona kama shule ya nidhamu, ushirikiano na heshima kwa wazee. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziweka sherehe tatu za Wamaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura kwa kuwa ziko katika hatari ya kutoweka. Baadhi ya waumini walifurahi, wengine wakauliza kama kanisa ndilo lililoziua.

Lawama hiyo haitoshi kubebwa na kanisa peke yake. Kalenda ya shule haimsubiri morani miezi kadhaa akiwa manyattani. Vilevile sherehe ya Eunoto huhitaji uwanda mpana, na uwanda huo umegawanywa.

Mabadiliko makubwa kuliko hayo, ingawa huzungumzwa kidogo, ni kaburi. Zamani maiti wengi wa Kimaasai hawakuzikwa. Mwili ulipakwa mafuta na kulazwa porini, nao wanyama wakaumaliza usiku. Waliozikwa kwa kufunikwa mawe ni wazee wenye heshima kubwa na iloibonok. Jina la marehemu halikutajwa ovyo. Leo Mkristo wa Kimaasai huzikwa kwa jeneza, sala na hotuba, na mara nyingi kaburi hujengewa saruji. Mila hii iliachwa karibu bila vita. Sababu moja ni tumaini la ufufuo. Nyingine ni kwamba kaburi huonyesha mwenye shamba, na katika nchi ya hati miliki hilo si jambo dogo.

Kitengela: mila iliyouzwa ekari kwa ekari

Kitengela, iliyo yapata kilomita 30 kusini mwa Nairobi kwenye barabara ya Namanga, inaeleza vizuri sehemu hii ya habari. Eneo hili ni la Wamaasai wa Ilkaputiei. Baada ya sheria ya ranchi za vikundi ya 1968, ardhi yao iliandikishwa kwa jina la kundi. Katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Viwanda vya kuuza bidhaa nje vilipoanza Athi River katika miaka ya 1990, wafanyakazi walitafuta nyumba, na vipande vikaanza kuuzwa. Sensa ya 2009 ilikuta watu takriban 58,000 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 154,000. Kaunti nzima ilikuwa imefikia watu 1,117,840.

Mmaasai wa Kitengela anayeabudu leo huketi kiti kimoja na Mkamba, Mkikuyu, Mluhya na Mjaluo. Mahubiri ni kwa Kiswahili au Kiingereza. Watoto wake hawajui jina la rika la babu yao. Si kwamba mchungaji aliwakataza kulijua. Ni kwamba hakuna tena boma la kulifunzia, wala malisho ya kumkusanya ndugu na ndugu. Ng'ombe walipokwisha kwa kiangazi cha 2009, na tena kile cha 2021 na 2022, wengi walishuka mjini kutafuta kibarua, nayo mila ikabaki nyuma na mifupa ya mifugo.

Ndiyo maana wanaolilaumu kanisa kwa kuua Umaasai, na wanaolisifu kwa kuleta nuru, wote hulipa zaidi ya stahili yake. Soko la ardhi, shule, ukame na barabara ya lami vimebadilisha mengi kuliko mimbari. Tofauti ni kwamba soko halimwulizi mtu anaacha nini. Kanisa humwuliza, na kwa kuwa humwuliza, lina wajibu wa kumsaidia kujibu.

Kipimo

Katika sensa ya 2019 waliojitambulisha kuwa wafuasi wa dini za jadi kote nchini hawakufika hata asilimia moja, huku Wakristo wakiwa zaidi ya asilimia 85. Kwa hesabu hiyo mashindano ya majina yamekwisha. Kilichosalia ni kazi ya kila boma na kila kanisa kuketi na kupima mila moja moja.

Kipimo ambacho historia ya Kajiado inakitoa ni chepesi kukitamka na kigumu kukitimiza. Inapoachwa mila, iulizwe ni nani atakayeumia kwa kuachwa kwake. Inapohifadhiwa mila, iulizwe ni nani anayeumia kwa kuhifadhiwa kwake. Kwa kipimo hicho kisu cha ngariba hakina mtetezi, kwa sababu anayeumia ni mtoto asiyeulizwa. Kwa kipimo hicho hicho majani mabichi, nyimbo za kuitikiana, heshima ya rika na jina la Enkai hazina mshtaki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuumizwa nazo.

Na yule mke wa pili, aliyeingia bomani kwa mahari halali mbele ya mashahidi, asitolewe sadaka ili mumewe aitwe ndugu mpendwa siku ya Jumapili.